Namna ya Kuitawala Tanaland kwa Siku Tatu na Kurudi na Cheti

Hatua ya kwanza ni kuchagua nchi isiyokuwepo. Usilifanyie mzaha jambo hili. Nchi zilizopo zina watu, watu wana simu, na simu zina kamera. Ukifundisha utungaji wa sera kwa kutumia wilaya ya kweli, hakosekani mshiriki mmoja aliyezaliwa huko, naye atanyoosha mkono kabla projekta haijapata moto. Nchi ya kubuni haina mbunge, haina mzee wa mila, wala haina mjomba wa mtu. Ukiiua kwa njaa, hakuna atakayekwenda redioni.

Bahati nzuri nchi hiyo ilishatengenezwa, tena mlangoni petu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Kijerumani aitwaye Dietrich Dörner alitaka kujua kwa nini watu wenye elimu na nia njema huvuruga mambo wakipewa madaraka juu ya kitu chenye sehemu nyingi zinazovutana. Asingeweza kuwakabidhi nchi halisi, akaunda moja ndani ya kompyuta. Akaiita Tanaland na kuiweka Afrika Mashariki. Ujerumani nayo ina ng'ombe na nyasi za kutosha, lakini tuendelee.

Ndani ya Tanaland waliishi wakulima, Watupi, na wafugaji, Wamoro. Watu 12 walipewa mmoja mmoja mamlaka kamili juu yao: kuchimba visima, kuleta mbolea, kujenga huduma za afya, kupambana na mbung'o, kuamuru wanyama waharibifu wawindwe. Bunge halikuwepo, uchaguzi haukuwepo, Mkaguzi Mkuu hakuwepo. Miaka 10 ya utawala kwa vikao sita tu. Nani angekataa?

Mwanzoni mambo yalinoga. Huduma za afya zilifika, vifo vikapungua, mavuno yakapanda. Kisha watu wakaongezeka haraka kuliko chakula na njaa ikaingia. Mbung'o walipopungua ng'ombe walizaana, wakala nyasi hadi mizizi. Visima vilichimbwa kwa shangwe, maji ya chini ya ardhi yakashuka. Kila balaa lilikuwa mtoto halali, mwenye cheti cha kuzaliwa, wa suluhisho lililotangulia. Watawala wengi waliiacha Tanaland ikiwa na hali mbaya kuliko walivyoikuta, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwovu. Dörner aligundua pia kwamba katika vikao vya mwanzo watawala waliuliza sana na kutafakari sana. Kadiri vikao vilivyosonga, maswali yalipungua na amri zikaongezeka. Yaani walishakomaa kiuongozi. Mmoja, alipoletewa taarifa ya njaa, alijifariji kwamba wanaokufa ni wazee na wadhaifu zaidi, jambo ambalo kwa hesabu ya idadi ya watu si baya sana. Huyo angekuwepo leo katika kumbi zetu, tungempa nafasi ya kutoa neno la shukrani.

Basi chukua Tanaland. Kama huna ya Dörner, tengeneza yako kwenye Excel. Mimi nilifanya hivyo, na nitalieleza hilo mbele, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hatua ya pili ni ukumbi. Simulesheni, yaani ulimwengu mdogo wa mahesabu ambao unaubonyeza nao unakujibu, inaweza kuendeshwa darasani kwa kompyuta moja na ubao. Usikubali. Sera inataka umbali. Maofisa wa Dodoma wapelekwe Morogoro, wa Morogoro wapelekwe Bagamoyo, na wa Bagamoyo tutawatafutia pa kwenda. Andaa fomu ya mahudhurio yenye nafasi ya sahihi ya asubuhi na ya jioni. Andaa bangokitita na kalamu rashasha za rangi nne, tatu kati yake ziwe zimekauka. Alika mgeni rasmi afungue warsha. Atachelewa saa mbili, na saa hizo mbili zitolewe kwenye muda wa mchezo, si kwenye muda wa chai.

Kuhusu mpangilio wa viti, utakutana na wataalamu wa Kimarekani wenye mawazo ya ajabu. Kuna mchezo wa mazungumzo ya tabianchi uliokuzwa na watu wa MIT na shirika la Climate Interactive. Washiriki wanakuwa wajumbe wa makundi ya nchi, wanaahidi kupunguza hewa ukaa, ahadi zinaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta inawaonyesha joto la dunia litakavyokuwa mwaka 2100. Nchi tajiri zinawekewa meza yenye kitambaa na vitafunwa. Nchi maskini kabisa zinakaa sakafuni. Matokeo yakionyesha bahari imepanda, mwezeshaji anawafunika wajumbe wa pwani kwa turubai la bluu.

Nilijaribu. Nilimwomba mkuu wa idara mmoja, mtu mzima mwenye suti, akae chini kwa niaba ya nchi maskini. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole kama bajeti ya viti ilikuwa imekwisha. Tukamletea kiti. Wajumbe wengine wa nchi maskini nao wakaletewa viti. Kisha wakaomba vitafunwa, kwa hoja kwamba posho ni moja. Kufikia saa tano dunia yangu haikuwa na maskini hata mmoja, na joto likaendelea kupanda vilevile. Turubai tulilitumia kuzuia jua dirishani.

Hatua ya tatu ndiyo nyeti: kamwe usifunue mashine.

Kila simulesheni ina tumbo, na tumboni mna imani za aliyeitengeneza. Mshiriki anaona mshale unapanda na kushuka, anadhani ni maumbile yanazungumza. Kumbe ni mtu fulani aliamua kwamba kodi ikipanda kwa kiasi hiki wafanyabiashara watahama kwa kiasi kile. Ukimwonyesha hilo, atauliza nani ameamua. Akishauliza hivyo darasani, ataanza kuuliza hivyo ofisini, na wewe ndiye utakayelaumiwa.

Jifunze kutokana na kosa la Bill Phillips. Huyu alikuwa mtu wa New Zealand, fundi kwanza na mchumi baadaye. Mwaka 1949 aliingia katika chuo cha uchumi cha London, LSE, na mashine yenye urefu wa kama mita mbili, iliyojaa mabomba, matangi na maji yenye rangi. Mashine hiyo, iliyoitwa MONIAC, ilikuwa uchumi wa Uingereza. Kipato cha taifa kilipanda juu kwa pampu na kushuka kama maporomoko. Kodi ilichepuka kwenye bomba lake, akiba kwenye bomba lake, bidhaa za nje kwenye bomba lake. Ukifungua vali ya matumizi ya serikali unaona kwa macho maji yanakwenda wapi. Vipuri vingine vilitoka kwenye mabaki ya ndege za vita.

Profesa James Meade aliipenda kwa kufundishia. Alimweka mwanafunzi mmoja kwenye kodi na matumizi, awe Waziri wa Fedha. Mwingine akamweka kwenye riba, awe Benki Kuu. Kila mmoja alitakiwa kuutuliza uchumi bila kushauriana na mwenzake. Mmoja anafungua, wa pili anaona maji yamezidi naye anafunga, wa kwanza anaona yamepungua anafungua zaidi. Maji yanayumba huku na huku kama ndoo kichwani mwa mlevi. Kwa dakika chache wanafunzi walielewa kitu ambacho nimeona taasisi mbili za serikali zikiandikiana barua miaka mitatu bila kukielewa.

Unaona hatari yake? Kila kitu kilikuwa wazi. Bomba linavuja, unaliona linavuja. Mwanafunzi angeweza kunyoosha kidole na kuuliza, "Mwalimu, hili bomba kwa nini ni nyembamba?" Na mwalimu angelazimika kujibu. Ndiyo maana nakushauri utumie kompyuta. Kompyuta haivuji mbele za watu.

Mfano mwema ni SimCity, mchezo uliotoka mwaka 1989 na uliomfanya kila kijana mwenye kompyuta kuwa meya. Mtunzi wake, Will Wright, alichota mengi kwa Jay Forrester wa MIT, ambaye mwaka 1969 alitoa kitabu kiitwacho Urban Dynamics. Forrester alikuwa mhandisi wa umeme. Chumba jirani na chake chuoni alipangiwa John Collins, aliyekuwa ametoka tu kwenye umeya wa Boston. Wakazungumza, na mazungumzo yale, ya mhandisi mmoja, meya mmoja mstaafu na wenzao wachache, yakageuzwa milinganyo. Milinganyo ikatamka kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kunaudhoofisha mji, na kwamba afadhali zivunjwe. Wakosoaji walisema sana: mji wake hauna vitongoji vya pembeni, takwimu zake ni chache, na maskini ndani yake ni mzigo tu, hawana wanachokijenga. Lakini milinganyo ilishasema, na mlinganyo haukatwi kauli kirahisi kama meya.

Ndani ya SimCity ile ya kwanza, ardhi ni ya aina tatu: makazi, biashara, viwanda. Chagua moja. Jaribu sasa kuichora Kariakoo humo. Chini duka la vitenge, juu wapangaji, nyuma fundi cherehani, barazani muuza chaji za simu, na mbele ya mlango mama lishe ambaye saa nane mchana anafunga na saa kumi na mbili jioni eneo lake linakuwa la chipsi. Mchezo haukatazi Kariakoo. Haujui tu kwamba inaweza kuwepo. Kijana aliyecheza usiku na mchana, akakua, akapata shahada ya mipango miji, akakabidhiwa kalamu, atashangaa kwa dhati kabisa kukuta watu wamekaa mahali ambapo hapana rangi.

Hatua ya nne na ya tano ni chai.

Hatua ya sita, gawa vyeo. Hapa naomba nisimulie ya kwangu, maana mwongozo usio na mfano ni waraka.

Warsha ilikuwa Morogoro, mji kasoro bahari, siku tatu, maofisa mipango, wachumi na maofisa mifugo kutoka halmashauri kadhaa. Nilikuwa nimetengeneza Tanaland ya Excel usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Ilikuwa na safu ya watu, safu ya ng'ombe, safu ya visima, safu ya nyasi, na kila safu ikivuta nyingine. Nyasi ndizo zilizonisumbua. Zinaota kwa kasi gani baada ya kuliwa? Nilianza na asilimia 15 kwa mwaka. Nchi ikafa kabla ya chakula cha mchana cha siku ya pili, na chakula cha siku ya tatu kilikuwa kimeshalipiwa. Nikaweka 25, nchi haikufa kabisa, na nani angejifunza kitu? Saa sita usiku, nikiwa na soda mkononi, niliweka 20. Mambo yakaharibika vizuri, siku ya tatu saa nne asubuhi, kwa wakati.

Asubuhi nikagawa kadi. Waziri wa Fedha, Waziri wa Maji, Waziri wa Mifugo, Katibu Mkuu, Mshirika wa Maendeleo. Kadi ya Mshirika wa Maendeleo iligombaniwa, kwa kuwa ndiyo yenye fedha na haina wa kuihoji. Zilibaki mbili mezani: Mkulima na Mfugaji. Ya Mkulima alipewa ndugu mmoja aliyekuwa ametoka nje kupokea simu. Asiyekuwepo na lake halipo. Ya Mfugaji akapewa mchumi mmoja kijana, mdogo kuliko wote kwa cheo na umri.

Mwaka wa tatu wa Tanaland, Waziri wa Maji alitangaza visima 40. Makofi. Nikaingiza 40 kwenye safu, ng'ombe wakapanda, makofi tena. Kijana akanyoosha mkono.

"Mwezeshaji, samahani. Hivi visima viko wapi?"

"Viko Tanaland," nikasema. Watu wakacheka.

"Nauliza viko upande upi. Kwetu Shinyanga kuna ngitili. Nyasi zinafungiwa masika, haingii ng'ombe, mpaka kiangazi ndipo tunafungua. Kisima kikichimbwa karibu na ngitili, ng'ombe hawatoki hapo mwaka mzima. Kiangazi kikifika hakuna nyasi. Si kwamba zimepungua. Hakuna."

Nilitazama jedwali langu. Lilikuwa na namba ya visima. Halikuwa na mahali. Halikuwa na masika wala kiangazi. Mwaka mzima ulikuwa mstari mmoja.

"Wasukuma wanajua hilo," akaendelea, "na serikali yenyewe inajua. Ule mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 ulifufua ngitili zilezile za wazee. Sasa hapa nimepewa kadi ya mfugaji, lakini mfugaji hana kitufe chochote. Nabonyeza wapi?"

Ofisa mifugo aliyekaa karibu naye alianza kutikisa kichwa kuafiki. Mwingine akavuta kiti. Nikaona warsha inaniponyoka. Basi nikatamka maneno ambayo kila mwezeshaji anapaswa kuyahifadhi:

"Hoja nzuri sana, kijana. Tuiweke kwenye maegesho."

Maegesho, kwa wasiojua, ni karatasi ya bangokitita inayobandikwa ukutani nyuma ya mlango, ambako hoja nzuri sana hupelekwa zikapumzike. Niliandika "ngitili" kwa kalamu iliyokauka. Karatasi ile ilikunjwa na mhudumu wa ukumbi jioni ya siku ya tatu.

Nchi ikafa kwa wakati, kama nilivyopanga. Na hapo inaingia hatua ya saba, ambayo ndiyo utamu wa simulesheni zote: kitufe cha kuanza upya. Kitukuze. Washiriki walipoona Tanaland imekuwa jangwa walisikitika kwa sekunde kama nne, halafu Waziri wa Fedha akasema, "Turudie, safari hii tuanze na mbolea." Nikabonyeza. Wamoro wote wakafufuka, ng'ombe wao wakafufuka, nyasi zikarudi kijani. Hakuna mazishi.

Usiwakumbushe washiriki habari za Kongwa, hata kama basi lao la kwenda Dodoma limeipita njia panda yake. Kongwa haikuwa na kitufe. Mwaka 1946 Waingereza, waliokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Kwa wiki tisa hivi ujumbe ulizunguka, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na hesabu: zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, sehemu kubwa Tanganyika, Kongwa ikiwemo. Hesabu ilikuwa safi. Shamba dogo la majaribio halikuonekana kuwa na haja. Matrekta yakaletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta, vikakutana na mibuyu, na udongo wa Kongwa ambao mvua ikiukosa hukakamaa kama tofali lililochomwa. Mvua ikaukosa. Mgogo yeyote wa pale angewaambia, lakini kwenye mchezo ule naye alikuwa na kadi isiyo na kitufe. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta zaidi ya pauni milioni 36 na kufunga mpango. Ukiangalia karatasi za Wakefield huwezi kusema mtu huyu hakufanya simulesheni. Aliifanya, kwa penseli, na akaiamini.

Hatua ya nane inahusu kile ambacho vitabu vya ufundishaji hukiita tafakari ya baada ya mchezo. Iruke. Nitakueleza kwa nini, kwa mifano miwili.

Wa kwanza unatoka MIT, nao ni mchezo wa kusambaza bia. Wachezaji wanne wamepangana: mwenye duka, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Kila wiki kila mmoja anaagiza kreti kutoka kwa anayemfuata, na mzigo unachelewa wiki kadhaa njiani. Baada ya muda mfupi maduka yako matupu, kila mtu anaagiza kwa hasira. Baadaye maghala yamefurika hadi milangoni. Mchezo ukiisha, mwezeshaji anawaomba wachore mahitaji ya mteja yalivyokuwa. Wanachora milima na mabonde, wakimlaani mteja kigeugeu. Kisha anawafunulia ukweli: mteja alikuwa akinunua kreti nne kwa wiki, akapanda hadi nane, akabaki hapo hapo mpaka mwisho. Mawimbi yote waliyatengeneza wao wenyewe, kila mmoja akiwa na sababu nzuri. Nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa baada ya kufunuliwa hivyo. Ukimya kama huo haupendezi kabla ya picha ya pamoja.

Wa pili ni wa Dörner tena. Baada ya Tanaland alibuni mji mdogo wa Kijerumani, Lohhausen, wenye wakazi zaidi ya 3,000 na kiwanda cha saa kinachomilikiwa na mji, akawapa watu 48 umeya, mmoja mmoja, kwa miaka 10 ya mchezo. Waliofanya vizuri na waliofanya vibaya hawakutofautiana sana kwa akili zile zinazopimwa kwa mitihani. Walitofautiana kwa maswali. Mameya wazuri waliuliza kwa nini jambo liko hivyo, wakayajaribu mawazo yao kabla ya kuyaamini. Wabaya walirukaruka kutoka mada hadi mada, au walijichimbia kwenye jambo dogo wanaloliweza. Mmoja alitumia muda kukokotoa ni umbali gani mzee wa kawaida anatembea kufikia kibanda cha simu, na mji wake unazidi kuharibika. Mambo yalipowaendea kombo zaidi, baadhi yao walianza kushuku kwamba wamechezewa.

Haya yote yalijulikana kwa sababu kuna mtu aliyekaa na wachezaji, akawasikiliza wakifikiri kwa sauti, akarudi nyuma nao hatua kwa hatua. Mchezo wenyewe haukumfundisha mtu chochote. Bila mazungumzo yale, meya wa kibanda cha simu angeondoka akijua kwamba ameongoza mji kwa miaka 10, na angeiandika hivyo kwenye wasifu wake. Mazungumzo hayo yanataka muda angalau sawa na muda wa mchezo. Wewe utakuwa umebakiwa na dakika 25, na mgeni rasmi wa kufunga yuko njiani. Chagua vizuri.

Hatua ya tisa, toa vyeti. Viandikwe "amehitimu" badala ya "amehudhuria". Wino ni uleule. Mshindi atangazwe kuwa yule aliyepigiwa makofi mengi zaidi. Kwetu alishinda Waziri wa Maji.

Na sasa la mwisho, ambalo si hatua. Miezi mitano baada ya warsha nililetewa andiko la mradi nilisome na kutoa maoni. Ni la visima vya mifugo katika wilaya ambayo sitaitaja. Ina watu, na watu wana simu. Ukurasa wa tisa una jedwali la makadirio ya malisho. Nililiangalia kwa muda kabla ya kulitambua, kama mtu anayeliona shati lake limevaliwa na mwingine sokoni. Uotaji wa nyasi: asilimia 20 kwa mwaka. Chini yake pameandikwa, kwa herufi ndogo za kiungwana, kwamba kiwango kimetokana na modeli ya Tanaland. Visima vinavyopendekezwa ni 40. Ramani ya mahali vitakapochimbwa haijaambatishwa.

Nimeandika dokezo. Nimepiga simu mara mbili, nikaambiwa mhusika yuko kwenye warsha. Nimemtafuta yule mchumi kijana, ili angalau yeye asome ukurasa wa tisa. Amehamishwa kituo, namba yake haipatikani.

Kwa hiyo naomba: kama ulikuwa Morogoro siku zile tatu, au umetumiwa lile jedwali kwa barua pepe au kwa WhatsApp, lifungue. Nenda safu ya F, mstari wa 12. Namba iliyomo haikupimwa popote. Niliiweka mimi ili chakula cha mchana kisiharibike. Ifute, uache wazi, na umwulize mtu anayefuga hapo ulipo aijaze. Visima havijaanza kuchimbwa.